Tumbili Hakati kwa Panga

Nyumbani, Nkoaranga
Jumatano mchana

Kwa kaka Elirehema,

Shikamoo. Hii niliyokuwekea hapa ni ya mwaka mzima, maana tangu uondoke hujapokea hata moja, kwa hiyo itikia mara kadhaa. Natumaini barua inakukuta mzima hapo gereji kwenu Sakina, mgongo hauumi kwa kulala chini ya magari ya watu, na mafundi wenzako wanakuheshimu inavyompasa mtu aliyeshuka kutoka kwetu mlimani. Sisi huku ni wazima. Baba mzima, ng'ombe mzima, dada yetu Tabea mzima pamoja na mdomo wake. Mama naye ni mzima, mguu unamsumbua asubuhi tu pakiwa na ukungu, ukishapata joto anautembeza na fimbo yake. Mimi ndiyo usiulize. Nimerefuka, nina ndevu saba ambazo Tabea anadai ni masizi, na kwaya wamenitoa alto wakanipeleka besi. Ungeniona ungenipisha njia.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi. Nimekupigia mara nyingi, namba yako kwangu haipatikani, lakini Nelson wa bodaboda anasema yeye akipiga unapokea mlio wa kwanza. Nimeelewa, sijanuna. Na usidhani nimeandikiwa na Tabea, mwandiko ni wangu. Shule niliacha kidato cha pili kwa kutoelewana na hesabu, Kiswahili hakikuwa na ugomvi wowote na mimi.

Kaka, nimechoka na tumbili. Nimechoka mpaka nikisikia jani linatikisika naanza kutukana kabla sijaangalia. Wale wa zamani unawajua, walikuwa wakishuka mara mojamoja, wanakwapua ndizi mbili, wanaondoka na adabu zao. Hawa wa sasa ni kizazi kingine. Wanaingia saa mbili asubuhi kama watu wa ofisini, saa sita wanapumzika juu ya bati letu, saa tisa wanarudi kazini. Mkubwa wao ni dume moja lenye mkia uliokatika nusu, na ile mali yake ya buluu anayoitembeza mbele za watu bila haya. Nimempa jina la Mwenyekiti, kwa sababu hafanyi kazi yoyote. Anakaa juu ya bati anakuna tumbo, wenzake wakileta, yeye anachukua cha kwanza. Afadhali mbega, mweusi na mweupe kama mchungaji siku ya ibada, anakula majani yake huko juu na hana neno na mtu.

Wiki mbili zilizopita Mama alipika loshoro ya mahindi, akaiacha jikoni ipoe, akaenda kumwita Baba. Waliporudi walimkuta Mwenyekiti amekaa kwenye kigoda cha Baba, mkono mmoja ndani ya sufuria, ndevu zote maziwa mgando. Baba alisimama mlangoni akauliza kama amebakishiwa. Mbwa naye, yule uliyesema ni mkali, alipigwa kofi na jike lenye mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo wakija anaingia chini ya kitanda changu kabla hawajafika, kwa hiyo angalau ni kengele.

Kibaya zaidi wanabagua. Mama akiwafukuza wanamwangalia kama anayewaimbia. Tabea akiwarushia kitu wanakinusa kwanza kuona kama kinalika. Lakini Baba akikohoa tu, shamba zima linabaki tupu. Basi nikajisemea, hii kazi ni ya mwanaume wa pili wa nyumba hii, yaani mimi. Nikaingia mgombani kifua mbele, nikapiga kelele kwa besi yangu yote. Mwenyekiti akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akamenya ndizi taratibu, akanitupia ganda. Kaka, mnyama wa porini amenipima akaniweka kundi moja na Tabea! Tabea alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilipopita kijiweni kwa kina Nelson wakaniuliza kama ni kweli tumbili wa kwetu wananiita dada.

Sikukata tamaa, unanijua. Nilipiga debe mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Nilichanganya pilipili na kinyesi cha ng'ombe nikapaka migomba yote. Wao wakakaa juu ya mti wakisubiri mvua, mvua ikanyesha, wakaendelea, na mimi niliyejisahau nikajifuta macho nikashinda siku mbili sioni. Nikanunua nyoka wa mpira soko la Tengeru. Siku ya kwanza walipiga mayowe mpaka nikawahurumia. Siku ya pili walimzunguka wakimkagua. Siku ya tatu Mwenyekiti alimshika mkia akawa anamburuta kama mtoto na gari la makopo, akamtelekeza mlangoni kwetu, na aliyemkuta pale ni Mama. Alipiga kelele iliyofika hospitali. Baba akaniambia nikileta mtego mwingine nitalala nao nje.

Sasa kinachoniumiza kichwa si ndizi zote, ni mkungu mmoja. Jumapili hii ni sikukuu ya mavuno. Mama amechagua tena mshare, mgomba ule wa karibu na mfereji, amefunga kitambaa chekundu kwenye shina, na kila asubuhi anashuka kuutazama. Mkungu ni mkubwa, unataka watu wawili kuubeba. Tumbili nao wanautazama kila asubuhi.

Ya mwaka jana unayakumbuka kuliko sisi sote, lakini acha niyaandike, maana humu nyumbani hakuna anayeyataja. Mama alivunjika mguu kwenye kile kiporomoko cha njia yetu, akamwambia Mungu akisimama tena atampelekea kanisani mkungu mkubwa kuliko yote ya shamba, unadiwe siku ya mavuno. Akasimama. Wewe ndiye uliyepewa kuulinda ule mkungu na kuukata Jumamosi jioni. Jumamosi jioni ukashuka na panga la Baba, ukakuta kikonyo kitupu. Ukasema labda ni tumbili. Baba akakishika kile kikonyo, akapitisha kidole pale palipokatwa, pamenyooka kama pamepigwa randa, akasema tumbili hakati kwa panga. Akasema umeuza sadaka ya mama yako. Akakunyang'anya panga, akakuambia usilishike tena maisha yako. Mama alikwenda kanisani na mayai sita kwenye bakuli, akakaa benchi la nyuma. Jumatatu ukachukua begi lako.

Sasa sikiliza jambo la Alhamisi iliyopita. Koti lako la mvua, lile la kijani lenye kofia, bado linaning'inia nyuma ya mlango. Mama hataki liguswe, analikung'uta vumbi na kulirudisha. Alhamisi Mwenyekiti alikuwa ameshafika mgomba wa pili kutoka ule wenye kitambaa, na Baba alikuwa ameenda ushirika wa kahawa. Nikalivaa. Nikavaa na mabuti yako. Nilikukumbuka unavyoingia mgombani na koti lile tangu mimi niko darasa la tatu, nikaona labda na wao wana kumbukumbu.

Kaka, wana kumbukumbu! Mwenyekiti aliponiona alidondosha ndizi. Kundi zima liliondoka bila kuagana, jike moja likasahau mtoto likarudi kumnyakua. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Nikaanza kutembea kama wewe, nikitupa lile bega la kushoto, nikienda na kurudi kando ya mfereji kama mwenye shamba.

Ndipo nikasikia jina lako. Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama juu kule kwenye kona ya nyumba. Aliita mara moja tu. Nikadhani ananitania. Halafu nikamwona anashuka. Anashuka kile kiporomoko kilekile kilichomvunja, mbio, na mguu ule, na fimbo ameiacha. Nilitakiwa kusema ni mimi. Sauti haikutoka. Besi yote ile, haikutoka. Akanifikia, akanishika mkono wa koti kwa nguvu, akafunua kofia, akakutana na ndevu saba.

Hakunigombeza. Alilipapasa koti begani kama anafuta vumbi, akakaa ukingoni mwa mfereji akihema. Akasema tumbili wakiliona hili koti wanakimbia, yeye akiliona analikimbilia, sasa niseme nani kati yao mwenye akili. Akaniomba nikamletee fimbo yake. Nikapanda kuileta, na njiani nililia kidogo. Ukimwambia mtu nitakataa.

Sasa kaka, kaa chini. Kama uko chini ya gari, toka kwanza.

Mkungu wa mwaka jana niliukata mimi.

Ilikuwa Jumamosi saa sita. Wewe ulikuwa umeenda kumnunulia ng'ombe pumba, Baba na Mama walikuwa kanisani wakipamba, mimi niliaga naenda mazoezi ya kwaya. Nilichukua panga la Baba, nikakata, nikaliosha mferejini nikalirudisha mahali pake. Nikasukuma mkungu kwa toroli mpaka Tengeru, nikabadilishana na kijana mmoja, yeye mkungu, mimi simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ile niliyowaambia nimeokota. Wewe uliniamini siku ileile, ukatoa chaja yako ukanipa. Baba alipokuwa anakusema, mimi nilikuwa nyuma ya mlango, simu iko mfukoni imepata moto wa chaji yako. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ukawa unanyamaza sana, nikaogopa. Keshokutwa ukaondoka. Baada ya hapo kila siku niliyochelewa ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Tumbili walipoanza kuongezeka, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikaona sasa watu wataamini ni wao. Lakini kila walipokula, Baba alikuwa akiokota kikonyo kilichochanwachanwa, anakitazama, anakitupa, hasemi kitu. Nilijua anachosema.

Ijumaa jioni nilimfuata zizini nikamwambia. Hakugeuka. Alimaliza kukamua, akamwachia ndama sehemu yake, akaosha mikono. Nilitamani anipige, yaishe. Akasema kwamba mimi nilinyamaza mwaka mzima na wewe ukabeba, kwa hiyo halitatengenezwa kwa simu wala kwa kutuma mtu, nikae niandike mwenyewe, niandike yote, hata nikichukua siku tano. Nimechukua siku tano. Mama nilimwambia kesho yake. Aliniomba ile simu, akaifunga kwenye kanga. Jumapili itanadiwa pamoja na mkungu, na mimi ndiye nitakayesimama mbele na kuinyanyua juu, na kabla haijanadiwa nitaeleza niliipataje. Kwaya nzima itakuwa nyuma yangu. Tabea ameshachagua benchi la mbele.

Sikuombi useme yameisha. Sijui hata nianzie wapi kuomba. Chaja yako iko humu kwenye bahasha.

Pamoja na barua Nelson atakuletea gunia. Usilifungue kwa papara, lina makali. Jana Baba alishusha panga lake, akalinoa tangu saa kumi mpaka tukaitwa kula, akalifunga kwa gunia na kamba ya mgomba, mafundo matatu, akampa Nelson. Nilimuuliza kama kuna neno niongeze kwenye barua yangu. Akasema hapana. Alipokuwa anaingia ndani akasema kwamba mkungu ule hautakatwa na mkono mwingine, na panga la kuazima halitaingia shambani kwake. Basi. Nelson analalamika, anauliza akisimamishwa barabarani na panga kwenye gunia atajieleza vipi. Nimemwambia aseme ni barua ya Baba, hii yangu ni nyongeza tu.

Kwa hiyo hapa nyumbani hatuna panga. Majani ya ng'ombe nakata kwa kisu cha jikoni, vidole vimejaa plasta, na Tabea ananuna kwamba nyanya zinanuka zizi.

Mama anakusalimu, anauliza kama blanketi ulilonalo linatosha. Tabea anakusalimu, anasema amekuwekea nafasi pembeni yake. Mbwa yuko chini ya kitanda. Baba hajatuma salamu, lakini gunia unalo mkononi. Nisalimie mafundi wote hapo, waambie una mdogo wako mlimani, yale mengine usiwaambie.

Naandika nikiwa chini ya mgomba wenyewe, nimevaa koti lako, kofia imefika machoni. Mwenyekiti yuko ng'ambo ya mfereji ananitazama. Jana alikuwa tawi la juu kabisa, leo ameshuka mawili. Nafikiri ameanza kugundua kwamba koti linanifika chini ya magoti. Mpaka Jumamosi jioni nitamzuia, hata kwa meno. Zaidi ya hapo siwezi, kaka, mimi ni wa kundi la Tabea.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Bariki