Kambale ya Mama ku Boulevard

Mama,

Jua ya Bunia inakusalimia, na mimi binti yako pia. Leo nilienda ku boulevard, ile barabara kubwa ya hapa, kuona ile nyumba yenye babu alijengaka wakati ya Wabelgi. Nguzo zake zingali zinasimama, Mama, lakini ndani waliweka magazini ya matajiri: manukato, saa, viatu yenye haijui matope.

Sentineli akanizuia ku mulango, kwa heshima yote: "Dada, unisamehe, weye unanuka moshi ya samaki. Watu ya humu hawapendi."

Nikamwambia babu yangu alibebaka hizi matofali ku kichwa. Akajibu hata babu angeoga kwanza. Nikapita chini ya mukono yake.

Ndani ya vitrini ya kioo, kati ya divai na chokoleti, kambale moja ya moshi alikuwa amelala juu ya karatasi ya zahabu. Muuzishaji, ganti nyeupe ku mikono, akaniambia samaki ile inatoka Ulaya. Nikamuuliza: "Na kale kakamba ya bleu ku mukia?"

"Ile ni mapambo, dada."

Mapambo! Kumbe ni kipande ya kikwembe yako ya kuvaa Pasaka, yenye unafungaka samaki yako ku furu ya kukaushia samaki kule Tchomia, ili wamama wengine wasibebe yako!

Mungu akulinde, Mama, weye na furu yako. Siku utakuja Bunia, usisumbuke kuoga ili kutoa moshi. Mwambie tu sentineli unatoka Ulaya.

Binti yako