Seli Zilizopasuka

Jumatatu, 6 Mei
Nimefika maabara kwa kuchelewa, macho mekundu. Kitindamimba wetu alishikwa na homa Ijumaa mchana, nami nilitoka hapa mbio nikaacha sahani moja ya seli kwenye kabati la joto. Leo nilitaka kuitupa tu. Sijui kwa nini niliichungulia kwanza.
Zimepasuka! Zote!
Na hizi ndizo zilizotiwa dawa yetu. Seli nyeupe, askari wa damu, zikivamiwa na bakteria hujiua. Dawa inazizuia zisijiue, ziendelee kupigana. Ijumaa zilikuwa hai, nono, za kupendeza. Leo vifusi.
Labda uchafu. Labda mimi. Nimeanza upya.
Mama kapiga simu kuulizia homa ya mjukuu. Akamalizia kama kawaida: bado unaua seli? Majirani zake anawaambia bintiye ni muuaji mwenye mshahara.

Jumanne, 7 Mei
Hakuna cha kufanya ila kungoja. Siwezi kungoja. Nazunguka korido kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeosha vyombo visivyo vichafu.
Profesa kanikuta hapo kwenye sinki. Sisi tunamwita Mzee Tulia, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata siku ile maabara iliposhika moto. Ijumaa anastaafu. Kanionyesha suti mpya ya hotuba ya kuaga. Maisha yake yote ya kazi ni dawa hii moja, na Jumatatu ijayo wagonjwa wa kwanza, mahututi wenye bakteria kwenye damu, wataanza kupewa hospitalini.
Akaniuliza nina nini. Nikasema mtoto ana homa. Ilishashuka jana!
Tulia, akasema.

Jumatano, 8 Mei
Zimepasuka tena.
Zisizo na dawa zimekufa kama siku zote: zimesinyaa, zimejifunga vifurushi vidogo, jirani zao wamevimeza. Kimya. Mauti ya heshima. Zenye dawa — matumbo nje, sumu nje. Ndani ya mtu, askari wote wangekuja mbio na kuanza kupiga ovyo, adui na mwenye nyumba. Mgonjwa mahututi hahimili hayo.
Tulifunga mlango, kifo kikapitia dirishani. Na sisi tulikuwa tunapima jioni, tunafurahi, tunakwenda zetu nyumbani. Nani aliangalia kesho yake? Hakuna.
Nimemweleza Baba Watoto akipiga pasi. Akasema, mwambie Mzee. Nikasema, mtu anaagwa Ijumaa! Hata hakuinua kichwa. Na wagonjwa, akauliza, wao wataagwa lini?
Nimemnunia hadi sasa. Kwa kuwa anasema kweli.

Alhamisi, 9 Mei
Asubuhi ofisi yake imejaa watu. Mchana yuko peke yake, anajisomea hotuba kwa sauti, anatabasamu. Nikarudi bila kuingia. Mwoga mkubwa!
Jioni nikamvizia kwenye maegesho.
“Mzee, seli zenye dawa zinapasuka.”
“Uchafu.”
“Nimerudia.”
“Kabati bovu.”
“Nimetumia jingine.”
Akaingia kwenye gari, akawasha injini. Kisha kwa upole — bora angenifokea — “Mwanangu, siku zote hizo, ukachagua wiki hii?”
Akapandisha kioo. Akaondoka.
Ndivyo baba yangu alivyokuwa akikasirika. Kimya kimya. Sili, sikai, nafungua jokofu na kulifunga.

Ijumaa, 10 Mei
Sikupata usingizi. Asubuhi nimempa mkubwa begi la mdogo, na mdogo la mkubwa.
Ukumbi umeshapambwa. Mimi nikajificha chumba cha hadubini. Mlango ukafunguliwa: Mzee, suti mpya, tai imekwenda upande. Hata salamu hakuna.
“Ziko wapi?”
Nikampisha. Akaangalia. Akabadilisha sahani kwa mkono wake, akaangalia tena.
“Umezitia rangi?”
“Bado.”
“Sasa unangoja nini?”
Akavua koti, akalitundika juu ya langu, akaomba glavu. Hakumwaga hata tone.
Tunangoja rangi ishike, ituonyeshe zipi zimepasuka. Naandika juu ya goti kwa sababu nikikaa bure nitalia. Simu yake inatambaa juu ya meza, inalia, inanyamaza, inalia tena.
Mshereheshaji kagonga. Profesa, ukumbi umejaa, mkurugenzi wa hospitali ameshakaa kiti cha mbele.
“Yupo?” Mzee hakugeuka. “Mlete hapa.”
“Hapa? Na wageni wengine?”
“Wape keki.”
Mshereheshaji kanitazama mimi, kana kwamba nina la kusema. Kaenda.
Mzee ameweka sahani chini ya lenzi, hakuiangalia. Amenivutia kiti.
“Utamweleza wewe kwa nini Jumatatu wasianze,” amesema. “Mimi nitaishia kuitetea dawa.”
Nyayo zinakuja koridoni, nami nafunga daftari.