Walivyoikata Sauti Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Tunakata majani ya vitunguu saumu tangu asubuhi. Mimi, mama, na wifi Sabina, mke wa kaka Daniel, ambaye kwa mimba yake amekatazwa kuinama lakini hakubali. Vidole vinanuka hadi kwenye chai. Simu nimeiegemeza kwenye debe, nimemaliza sehemu ya sita ya katuni, Wageni wa Mlima. Jina la Kijapani siliwezi. Mimi na Marko ndio tumeibatiza hivyo.

Sehemu mbaya. Theluji imechorwa vizuri mpaka unaisikia baridi, na hapa kijijini Nambis mwezi huu baridi tunaijua. Lakini watu wake hawana uzito. Wanyonya damu wanashuka kijijini, wanavunja milango, muziki unapiga kelele, basi. Halafu mzee mmoja anawafukuza kwa shada la vitunguu saumu. Sabina alicheka huku ameshika tumbo. Alisema kama ni hivyo, mnyonya damu hawezi kuvuka Mbulu akiwa hai.

Nitaliweka hilo kwenye uchambuzi. Mimi nachambua kwa sauti, Marko anaweka picha na kurusha kwenye chaneli yetu. Tulisoma wote sekondari. Sasa ana kibanda Katesh, anawaingizia watu filamu kwenye simu. Yeye ana kompyuta, mimi nina mdomo. Ndivyo tulivyogawana.

Jumatano, 6 Agosti

Sehemu ya saba na ya nane. Hapo sawa. Wameacha kuvunja milango. Sasa wanakuja mchana, mawingu yamewafichia jua, wamevaa makoti meupe, wana mikoba. Wanasema damu ni ya wagonjwa wa mjini. Wanakijiji wanapanga foleni wenyewe. Hiyo ndiyo hofu. Siyo meno. Ni mtu unayemkaribisha na kumpa kiti.

Nimerekodi chumbani, blanketi kichwani, mbuzi wasisikike. Nikaiga sauti ya mtangazaji wa habari: wameshafika, wamevaa makoti meupe, wanasema ni kwa ajili ya wagonjwa, usiwape mkono wako. Nilijipenda. Mwanzoni na mwishoni nimesema wazi kwamba ni katuni, hadithi ya kubuni. Nimemtumia Marko.

Ijumaa, 8 Agosti

Sehemu ya tisa. Nimekasirika, sikula vizuri.

Mama yake Tomiko amekufa. Tomiko ndiye msichana aliyeumwa shingoni na bado anakataa kunywa damu ya mtu. Mama yake ndiye aliyekuwa mtu pekee mwenye akili katika hadithi nzima. Anafuma, anatukana, anawadanganya wanyonya damu usoni bila kupepesa. Wamemuua upesi upesi. Kalazwa kwenye theluji, nywele zimepangwa, kinanda kinalia taratibu. Yote hayo ili binti apate sababu ya kushika upanga.

Uvivu. Mwandishi akiishiwa, anaua mama. Hata hajamwuliza mama kama ana jambo alilotaka kumaliza.

Sabina miguu imevimba. Nesi wa zahanati amesema akajifungulie hospitalini mjini, kwa kuwa ni uzazi wa kwanza. Kaka Daniel ameshaongea na mtu wa bodaboda. Sabina anasema yeye hapandi pikipiki na tumbo lile, aletewe gari. Ana haki.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada mwenyekiti wa kijiji alitangaza: Jumanne inakuja timu ya kukusanya damu, shuleni, watu wajitokeze. Wamama wakaangaliana.

Nje ya kanisa mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa ameshika simu, wenzake wamemzunguka. Nikasikia sauti yangu. Wameshafika. Wamevaa makoti meupe. Usiwape mkono wako.

Hakuna jina la katuni. Hakuna "hadithi ya kubuni". Mwanzo umekatwa, mwisho umekatwa. Juu yake picha ya gari jeupe kwenye barabara ya vumbi, na maandishi mekundu: WANYONYA DAMU WAINGIA MBULU.

Nilisema ni mimi, ni uchambuzi, umekatwa. Mama yule akaniangalia kwa huruma. Akasema asante mwanangu kwa kututahadharisha.

Nilikwenda nyumbani bila kumsubiri mtu. Hasira, si kingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilimpigia Marko. Alicheka. Alisema chaneli haijawahi kuangaliwa hivyo, mpaka watu wa Yaeda Chini wanakitafuta kile kipande, wakati kule hata mtandao ni wa kuwinda. Nikamwambia akitoe. Akasema akitoe wakati ndiyo kwanza tumeonekana? Akasema watu si wajinga, wanajua ni burudani. Nikamwambia hawajui, wamenishukuru mlangoni mwa kanisa. Akasema basi na wewe shukuru.

Kukitoa, hakukitoa. Kila kitu kipo mkononi mwake. Neno la siri la chaneli ninalo? Sina. Nilimpa mdomo wangu nikaridhika.

Jumanne, 12 Agosti

Timu haikufika. Njiani, kijiji cha kabla ya chetu, vijana waliweka magogo barabarani na kushika mawe. Dereva akageuza. Mwenyekiti alikaa shuleni peke yake na meza aliyoazima, mpaka akachoka.

Baba mdogo alipita nyumbani akasema mimi ni mtoto jasiri. Nikamwamkia shikamoo kisha nikamweleza upya, tangu mwanzo, Japani, katuni, Marko. Akasikiliza yote. Akasema hata kama ni katuni, wenzetu hawawezi kuchora kitu ambacho hakipo.

Niliingia jikoni nikapiga teke ndoo. Maji yakamwagika, nikayafuta mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia kwenye benchi, hospitalini.

Sabina alishikwa na uchungu alfajiri. Daniel alipata gari. Mtoto amezaliwa kabla ya saa nne, wa kike, analia vizuri. Tukashangilia. Halafu nesi akatoka haraka bila kutuangalia, akarudi na daktari. Sabina anatokwa damu na haikomi.

Kulikuwa na chupa chache za kundi lake. Wamemwekea. Zimepita kama maji kwenye mchanga. Daktari aliongea na Daniel na mimi, polepole, bila kutufokea, na ingekuwa afadhali angetufokea. Alisema akiba ni ndogo kwa sababu wiki hii vijiji vimekataa kuchangia. Leteni ndugu, sasa hivi, wengi muwezavyo.

Daniel ametoa. Mimi nimetoa. Niliangalia ule mpira unavyojaa rangi, nikafikiria theluji ile na nywele zile zilizopangwa. Nikamlaani mwandishi, nikamlaani Marko, nikaomba Mungu, yote kwa pumzi moja.

Daniel akampigia baba. Baba akasema yeye na wadogo zake hawaji kutoa damu. Wataomba nyumbani. Akakata simu.

Nimekunywa soda niliyopewa. Naenda kumfuata.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike ya jana kabla sijasahau yalivyopangana.

Nilifika nyumbani kwa bodaboda, kichwa kinazunguka. Baba alikuwa uani amekaa na baba wadogo wawili. Niliwaamkia. Hata katika hasira ile niliwaamkia, mmoja mmoja. Nikasema Sabina anakufa.

Baba akasema, "Sauti ni yako, Paskalina. Nimeisikia kwa masikio yangu. Mtoto wangu hajawahi kunidanganya, sasa nimwamini nani?"

Hilo lilinikata kuliko sindano. Hakuwa mkaidi. Aliniamini mimi.

Sikubishana. Nilikaa chini mbele yao, nikafungua simu. Rekodi niliyompelekea Marko bado ninayo. Nikaipiga nzima. Jina la katuni, Tomiko, theluji, vitunguu saumu, makoti meupe, na mwisho ninavyosema ni ya kubuni, msiogope, kesho mkalime. Kisha nikawawekea sehemu ya nane yenyewe. Wazee watatu wamekodolea macho kioo kidogo, kofia zinagusana. Nikawaonyesha mahali maneno yangu yalipotoka. Hapa nilisema wameshafika. Ni hawa. Wamechorwa kwa mkono.

Baba mdogo akauliza hao watu wanaopanga foleni, wanaume wao wako wapi. Nikamwambia sijui, mwandishi hakusema. Halafu sauti ikanitoka ambayo sikuipanga. Nikasema, "Lakini wa Sabina najua walipo. Wamekaa hapa."

Sijawahi kumsemesha baba hivyo. Nilingoja anipige. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani. Akawaambia wadogo zake twendeni. Mmoja alibaki. Mmoja alikuja. Njiani, tukiwa kwenye gari la kukodi, baba alimwita jirani na mtoto wa jirani, hakueleza chochote, alisema tu pandeni.

Walitoa. Nilimshika baba mkono wa upande mwingine, akageuza uso ukutani kama mtoto. Damu ikabidi ipimwe kwanza. Wakati tunangoja, daktari akasema hawawezi kungoja zaidi, wakamwingiza Sabina chumba cha upasuaji.

Yuko hai. Kizazi kimetolewa.

Jumanne, 19 Agosti

Sabina ameamka vizuri leo. Alimnyonyesha mtoto. Alikuwa ameshaambiwa. Aliniuliza kitu kimoja tu: damu ilichelewa?

Nikasema ndiyo.

Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, sikupunguza. Aligeukia ukuta. Alikuwa akitaka watoto wanne, alishawapa hata majina, alinitajia siku moja tunapalilia. Mimi nikakaa pale na mikono yangu mitupu.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Nina hasira na Marko. Na vijana wa magogo. Na mama wa simu. Na mimi pia, kidogo, kwa jinsi nilivyoipenda ile sauti ya kutisha. Lakini kidogo. Mimi niliweka mwanzo na mwisho. Kuna mtu alishika mkasi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda Katesh. Basi la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Mlima Hanang umefunikwa juu, chini wafugaji wanaswaga ng'ombe kwenda mnadani, wamejifunika mablanketi.

Marko alikuwa kibandani, anamwingizia filamu mwanamke mmoja mfugaji wa Kibarbaig mwenye bangili za shaba hadi kiwiko. Aliponiona alitabasamu. Alidhani nimekuja kupanga uchambuzi wa sehemu ya kumi.

Nilimweleza mbele ya mteja. Sabina. Kizazi. Tabasamu lilitoka usoni kidogo kidogo. Akasema hakujua. Akasema pole. Akasema yeye hakumkataza mtu yeyote kutoa damu, aliyesema maneno ni mimi.

Nilitaka kumpiga kwa kibodi. Nilikuwa nimeshaishika.

Yule mwanamke hakuwa ameondoka. Alimwambia Marko, taratibu, kwa Kiswahili cha kuhesabu maneno: "Sisi tunakunywa damu ya ng'ombe. Watoto wa shule wanatuita wanyonya damu kila siku. Ng'ombe wetu hafi. Wewe umekunywa ya nani?"

Mwanamke akachukua simu yake, filamu haijaisha kuingia, akaondoka.

Nikamwambia Marko awashe kinasa sauti. Sauti yake safari hii. Aseme jina lake, aseme kipande kilitoka kwenye katuni, aseme alikata yeye. Alijaribu kusema "kilikatwa". Nikamwambia rudia. Akarudia. "Nilikata mimi." Nikamsimamia akakifuta kile cha kwanza, nikakirusha hiki kwenye chaneli, kundi la jumuiya, kundi la kijiji, kila mahali.

Sikumuaga.

Jumatatu, 25 Agosti

Ya Marko wameisikiliza wachache. Ya kwanza, ingawa imefutwa kwenye chaneli, bado inatembea. Jana imenifikia mimi mwenyewe, imetumwa na shangazi wa Masieda, na maneno: mjihadhari huko.

Ukweli unakwenda kwa miguu. Nimemjibu shangazi. Nimempigia. Nimemweleza. Nitaeleza mpaka nizeeke.

Baba amekwenda na mwenyekiti kwa wale vijana wa magogo, nyumba kwa nyumba. Sijui amewaambia nini. Amerudi amechoka, hakutaka kuulizwa. Mwenyekiti amesema timu ya damu itajaribu tena mwezi ujao.

Sehemu ya kumi sijaifungua. Sitaichambua. Ukitaka kujua kama hadithi hii ni nzuri, angalia wanachomfanyia yule anayezaa. Hiyo ndiyo alama yangu, na ni sifuri.

Jumapili, 31 Agosti

Sabina yuko nyumbani. Jua lilitoka mapema, tukamtandikia mkeka nje. Ukungu ulikaa bondeni hadi karibu na mchana.

Yule mama wa jumuiya alikuja, peke yake, na unga wa mtama kwenye kikapu. Alisimama mbali kidogo, akabisha hodi ingawa tulikuwa tunaonana. Hakusema habari ya simu. Aliomba kumshika mtoto.

Nilidhani Sabina atakataa. Ningekataa mimi. Sabina akampa, akamwekea mkono wake vizuri chini ya kichwa cha mtoto.

Mimi sikuweza kukaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni, hata zile ambazo hazikuhitajika. Nikarudi. Mtoto amelala mikononi mwa mgeni. Sabina amelala ubavu juani, mdomo wazi kidogo.

Nikakaa kizingitini, nikamwangalia akipumua.