Saumu Yangu na Njaa ya Kadzo

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Je, afya yako? Huku Mambrui sote tu wazima, alhamdulillahi, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Waniuliza kama ni haki shule yenu kumpikia mwenzenu mmoja chakula chake mbali na chenu. Mimi nilipokuwa darasa la sita, Ramadhani ilipoingia jiko la shule lilifungwa. Kadzo, Mkristo aliyetoka Ganze, ndiye pekee asiyefunga, na kwao walitegemea uji wa shule. Mwalimu akasema hataki ubaguzi: uji hakuna, hakuna kwa wote. Kadzo akaniambia ataacha shule.

Nikamweleza mama. Naye amefunga, akachemsha muhogo nimpelekee. Wenzangu wakanicheka, "Haya, mfungaji, umeshaonja chumvi?" Kadzo akaona haya kula mbele yangu.

"Kula, dada," nikamwambia. "Saumu ni yangu, njaa ni yako."

Akacheka, akala. Nikampelekea kila siku hadi Idi, na shule hakuiacha. Katika saumu zangu zote, hizo ndizo ninazotumaini zaidi kuwa Mungu amezipokea.

Niandikie upesi, unitajie na jina la huyo mwenzenu.

Bibi yako