Ganzi ya Mkono wa Kulia

Irbid, 9 Novemba

Kwa dada yangu mpenzi Hanadi,

Pokea salamu zetu sote. Natumai wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Kuwait, na kikohozi cha yule mdogo kimeisha. Huku mvua imeanza, zeituni tumemaliza kuchuma, na mama analalamika kwamba umemsahau.

Mimi si mzima, dada. Tangu Machi mkono wangu wa kulia unakufa ganzi. Nikiamka naukung'uta weee, ndipo nishike kikombe. Daktari aliniambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na kwamba miaka kumi na tisa ya kushika mashine ya kutobolea meno imetosha, nipumzike, nipasuliwe. Nikamjibu nitafikiria. Nifikirie nini? Nani angekaa kwenye kiti changu akijua daktari wake wa meno hana mkono?

Basi nikaficha. Msaidizi wangu, Suhair, aliona koleo likiniponyoka mara mbili mbele ya mgonjwa. Aliniuliza, "Wallahi daktari, leo tunang'oa jino au sikio?" Nilimfokea, masikini, nikamtuma akaoshe vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Ulimcheka baba kwenye simu kwa kutafuna maneno. Sokoni nako wanamcheka. Dalali wa mboga gani huyo hawezi kunadi nyanya? Wanamwuliza, "Abu Hanadi, ule wali wa mansaf wa harusini ulikuwa unashindana na nani?" Naye anacheka nao, anasema uroho umemponza, kajing'ata ulimi. Hakujing'ata, Hanadi. Nilimkata mimi.

Alikuja nimzibe jino la chini. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikashika mashine, vidole vyangu havikuhisi kitu. Nilijua. Nilijua kabla sijaiwasha, ila niliona aibu kumwinua baba kitini. Mashine ikateleza. Hakusikia maumivu kwa sababu ya sindano. Aliona tu damu kwenye glavu zangu. Nilimshona nyuzi nne kwa taabu, na nikamwambia kosa ni lake, alichezesha ulimi. Baba akaniomba msamaha.

Jana alirudi. Akakaa, akafungua mdomo, akasema nimalizie, safari hii atatulia kama maiti. Nikaiweka mashine chini, nikamwambia yote. Baba akaniamuru nifumbe macho, akawa ananigusa kidole kimoja baada ya kingine, kila mara akiuliza hiki ni kipi. Nilikitambua cha mwisho tu. Nilipofumbua macho, baba alikuwa analia.

Kliniki nimeifunga. Jumapili napasuliwa, na daktari hajaniahidi kitu. Niombee, dada, na unichukie kidogo ukitaka, maana baba amekataa.

Wabusu watoto, umsalimie shemeji.

Mdogo wako,
Rudaina