Kompyuta Yangu Ndani ya Mac ya Shemeji

Jumanne, 8 Oktoba 1996

Mwalimu mkuu mwenyewe kaja kuniita darasani — simu! Auleria, yule mhariri wa mjini. Kitabu changu cha Sayansi Darasa la Tano kimepita. Kimepita! Ila wanataka disketi mezani kwake Jumatatu asubuhi. Nisipoleta, nafasi anapewa mwalimu mwingine, chake kiko tayari.

Nimemwambia Revelian. Kasema ahaa, kaongeza sauti ya redio. Asante, mume wangu.

Kitabu kimo kwenye Mac ya Rogers, mdogo wake Revelian. Mimi nilisomea DOS, mfumo wa zile kompyuta nyingine, kwenye kozi ya jioni, na ofisi ya Auleria ni DOS, kwa hiyo Rogers aliniwekea programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Mac. Kinafunguka kidirisha cheusi, humo ndimo ninamoandika. Polepole! Nabonyeza herufi, naisubiri ije. Mwaka mzima hivyo. Na Rogers kila mgeni akija anamwambia kanipa kachumba kwenye mashine yake. Kachumba! Yeye yuko kwangu tangu Pasaka ya mwaka jana, analala, anakula, anafuliwa. Sijamtangazia mtu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kitabu kimepotea.

Nimewasha, kidirisha hakifunguki, eti diski haionekani. Nikamwuliza Rogers. Anakata kucha! Eti alikuwa anasafisha mashine, kakuta lifaili moja kubwa halieleweki, linajaza nafasi, kalitupa. Lifaili! Hilo ndilo DOS yote. Kwa Mac, kompyuta yangu nzima ni faili moja — sura kumi na mbili, mazoezi, majibu, vyote humo. Na disketi niliyonakilia sura zangu kama akiba? Kaifuta, kaweka mambo ya ofisini kwake.

Revelian hakuinua macho kwenye gazeti. Faili moja tu, Mama Koku, si utaandika tena?

Ningekuwa na mwiko mkononi ningemrushia. Nimelia bafuni, kwa hasira. Siwataki wote wawili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Lipo! Nimefungua pipa la taka la Mac, nikalikuta limetulia humo. Mvivu yule kalitupa lakini pipa hakulimwaga. Mara moja maishani uvivu wake umenifaa. Nimelivuta nje, kidirisha kikafunguka, sura zote zipo! Nimepiga kigelegele peke yangu.

Lifaili lenyewe haliingii kwenye disketi. Lazima nifungue sura mojamoja humo ndani ya DOS, niihifadhi upya kwa toleo la zamani wanalotumia kina Auleria. Kesho nanunua disketi. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Umeme hakuna kutwa. Disketi iko mkobani. Sitaki hata kuandika.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimejua sasa Rogers alikuwa anasafishia nini mashine. Kaiuza! Tumetoka kanisani tu, nimeshakaa kwenye mashine, mara pikapu mlangoni — bwana mmoja wa hoteli huko Kunduchi, kaja kuichukua. Revelian alijua wiki nzima. Alijua! Rogers kaja kuninong'oneza: shemeji, mgeni kakodi gari, usituaibishe bwana. Nikamjibu kwa sauti, mgeni asikie: aibu ni kuuza mashine yenye kazi ya mtu ndani.

Sura ya saba inahifadhiwa. Naandika haya huku naisubiri, daftari gotini. Inachukua muda kama kuchemsha maharage makavu.

Revelian kasimama mlangoni mara ya tatu, na ile sauti yake ya mbele ya watu. Mama Koku, mgeni hajapata hata chai. Mama Koku, inuka kidogo tu. Nikamwambia jiko halijahama. Alinitazama kama hanijui. Sasa nasikia sufuria zinagongana huko, makabati yanafunguliwa yote.

Ya saba tayari. Ya nane inafunguka, herufi moja, herufi moja. Auleria kesho asubuhi! Sinyanyuki, hata waibebe na mie juu ya kiti.

Rogers kapiga magoti nyuma ya meza, eti anafungua waya za spika tu, asipoteze muda wa mgeni. Mkono wake unaelekea kwenye plagi. Nimeikanyaga kwa kiatu cha kanisani. Shemeji, anasema, toa mguu. Revelian naye anaita kutoka jikoni, majani ya chai tunawekaga wapi. Mguu sitoi. Ya nane bado inafunguka, na nyingine nne zinangoja.