Jumba la Kwenye Tamthilia Halina Jiko

Jumamosi, 8 Juni. Soweto, Mbeya

Sare za shule bado hazijaisha. Cherehani inakata uzi. Mama kanywa dawa zake za presha baada ya kubembelezwa kama mtoto. Saa moja jioni kanifukuza kwenye kochi. Tamthilia inaanza.

Nimechoka na tamthilia hii. Waturuki wanalia, wanaoana, wanalia tena, na wote wameingiziwa sauti za Kiswahili cha Dar. Mama hachoki. Anaongea na televisheni mwanzo mwisho. Yule binti maskini akitokea anamwamkia kikwetu, kamwene, kama vile kaingia mlangoni kwetu. Mama mkwe wa yule binti akitokea anamtukana kwa Kihehe, matusi ambayo sisi watoto tungechapwa tukiyatamka.

Kitu kimoja kinamkera sana. Lile jumba jeupe la matajiri, kando ya maji. Hajawahi kuona jiko lake. Chakula kinafika tu mezani. Moshi hakuna, sufuria hakuna, mpishi kavaa nyeupe haina hata doa. Anasema nyumba isiyo na jiko si nyumba, watu wale wanaficha kitu.

Mdogo wangu Eliza kaja kuaga. Kesho anaondoka kwenda Istanbul na wafanyabiashara wenzake, kuchukua nguo za duka lake. Hajawahi kupanda ndege. Kasikia kuna watu huko wanakutembeza sehemu zote walizopigia picha tamthilia, amejiandikisha. Mama hakumwagiza gauni wala kitenge. Kamwagiza akaangalie jiko.

Jumanne, 11 Juni

Eliza kafika salama. Leo katuma video ya mtaa wa kilimani, kule yule binti alikokuwa akiishi kabla ya kuolewa. Ngazi za mawe, nyumba za rangi rangi, nguo zimeanikwa juu ya barabara.

Mama kaitazama mpaka nikadhani simu itaisha chaji. Kasema huo si mlima, yule binti alikuwa anajidekeza, watoto wa kwetu Kilolo wanapanda kubaya zaidi na kuni kichwani. Kisha kamrekodia sauti. Vaa koti. Usile vitu usivyovijua. Jiko usisahau. Mama hajui kuandika ujumbe, yeye ni sauti tu, na anapiga kelele kama Istanbul ni ng'ambo ya mto.

Kalala mapema. Kasema kifua kinambana kidogo. Kesho nampeleka kliniki.

Jumatano, 12 Juni

Mama amefariki. Saa nne asubuhi, hospitali.

Simu yake ninayo mimi. Imelia mchana. Eliza katuma picha ya paka kalala juu ya kiti cha mkahawa.

Alhamisi, 13 Juni. Kilolo

Tumefika na Mama tangu asubuhi. Baridi inapenya mifupa. Mwili uko hospitali ya huku mpaka siku ya kuzika. Nyumbani turubai limeshafungwa, wanawake wamejaa, mahindi ya watu yako shambani na wameyaacha.

Wazee wamekaa. Nimeitwa kwa sababu mimi ni mkubwa. Nimesema Eliza aambiwe. Akiambiwa leo, kesho anatafuta ndege, Jumapili yuko hapa, tunazika Jumatatu. Nimesema yote bila kulia.

Baba mdogo ndiye msemaji wa ukoo tangu Baba afariki. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kaniuliza, "Akianguka barabarani huko, nani atamshika?"

Hatumwambii mtu msiba akiwa peke yake, sembuse ugenini. Ndivyo tulivyolelewa. Baba alipofariki nilikuwa Rujewa, nina kibanda changu cha kushona karibu na mashine za mpunga. Nilipigiwa simu kwamba anaumwa tu, nije. Nikaja na machungwa ya mgonjwa. Nikakuta turubai, na machungwa yangu mkononi. Sikumbuki kama niliwashukuru.

Nikaomba basi wamsubiri. Yeye mwenyewe anarudi Jumanne. Baba mdogo akasema watu hawawezi kukaa msibani mpaka wiki ijayo na mazao yako nje. Tunazika Jumamosi. "Kaburi halihami," kasema.

Nimemchukia. Halafu nikakubali. Nilikuwa nimechoka, kukubali kukawa rahisi kuliko kusimama.

Wameunda kundi jipya la ukoo kwenye simu. Watu wote wamo isipokuwa Eliza. Binamu mmoja alishaweka picha ya Mama na mshumaa kwenye lile la zamani, nikampigia nikamgombeza mpaka akaifuta. Simu ya Mama wameniachia mimi. Kazi yangu ni Eliza.

Ijumaa, 14 Juni

Tangu asubuhi Eliza anatuma sauti. Mbona Mama hajibu? Nikamrekodia sauti, koo limemkauka. Kwani mko wapi, mbona nasikia kuku? Nikaandika tuko Kilolo, Mama alitaka kupumzika kwake. Baridi yote hiyo? Nikaandika kajifunika vizuri.

Hilo la mwisho nililiandika bila kufikiri. Nilipolisoma nikataka kulifuta, alikuwa keshalisoma.

Mchana kapiga simu ya video. Kwenye simu ya Mama. Nikazunguka nyuma ya ghala la mahindi. Wanawake walikuwa wanaimba, sauti inafika mpaka huko. Ikabidi nirudi, nikawaomba wanyamaze kidogo, ni Eliza. Wakanyamaza. Msiba mzima ukanyamaza, hata waliokuwa wanapasua kuni wakaweka mashoka chini.

Nikaziba kamera kwa kidole gumba. Nikasema mtandao wa huku mbaya, sisi tunakuona, wewe hutuoni.

Alikuwa amesimama mbele ya lile jumba. Lenyewe kabisa. Jeupe, madirisha marefu, maji nyuma, meli zinapita. Ni dogo kuliko kwenye televisheni. Rangi imebanduka upande mmoja. Lile geti ambapo yule binti alifukuzwa usiku wa mvua, Eliza akaligonga kwa ngumi ili Mama asikie kuwa ni chuma kweli. Kuna mlinzi anakula karanga. Waliruhusiwa kuingia uani tu.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka picha ikatikisika. Kumbe yule anayewatembeza kawaambia ndani ya jumba hawajawahi kupiga picha hata siku moja. Sebule, ngazi, meza ya chakula, vyote wamevijenga kwa mbao ndani ya bohari moja nje ya mji. Chakula kinaletwa kutoka hotelini. Jiko hawakuhangaika kulijenga.

"Mama! Hakuna jiko! Ulisema kweli!"

Anasubiri.

Nikasema, "Anacheka."

"Mwambie acheke taratibu, kifua chake kile."

Nikasema nimemwambia.

Akakata. Nikakaa chini juu ya magunzi. Shangazi akaja kuuliza kama wanaweza kuendelea kuimba. Nikamwambia endeleeni.

Sijawahi kujichukia kama leo.

Jumamosi, 15 Juni

Tumemzika Mama.

Sitaki kuandika.

Jioni Eliza kaniuliza kipimo cha mabega ya Mama. Kaona koti la sufu, jepesi lakini lina joto. Mimi ni fundi. Mabega ya Mama nayajua bila futi. Ningeweza kumwambia asinunue, angetaka sababu. Nikamtumia kipimo.

Jumatatu, 17 Juni

Keshashuka Dar. Kesho anapanda basi la Iringa.

Mipango imepangwa vizuri mno. Binamu atampokea stendi Iringa mjini, amekatazwa kuongea, ataweka redio kwenye gari. Shangazi wawili watasimama mlangoni kumshika mikono. Mama mchungaji atakuwa na maji. Baba mdogo ndiye atakayesema. Majirani wameambiwa wasilie mpaka aambiwe.

Kila mtu ana kazi yake. Mimi nimeambiwa nikae ndani, eti nina huzuni nyingi.

Kusema kweli nilifurahi. Ni mwoga mimi. Nikiwa ndani nitasikia tu, sitamwona uso.

Jumanne, 18 Juni

Turubai linaonekana tangu barabarani. Hilo hatukulifikiria. Eliza kashuka kwenye gari kabla halijasimama vizuri, mfuko wa koti kifuani. Nilikuwa dirishani.

Shangazi wakamfuata na mikono yao. Baba mdogo akamwambia, akiwa amesimama, amevua kofia. Eliza hakuanguka. Wote tuliojiandaa kumshika tukabaki na mikono mitupu.

Akauliza yuko wapi. Alidhani bado yuko hospitali, au ndani. Akaoneshwa nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la Baba. Maua yalishanyauka. Akayatazama. Akauliza lini. Akaambiwa Jumamosi.

Mimi nilikuwa nimeshatoka. Sikuweza kukaa ndani. Akageuka akaniona.

"Ijumaa nilipiga simu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Uliniacha nacheka, Dada."

Basi. Ndipo wanawake wakaangua kilio, na yeye akawa anawatazama kama watu asiowajua.

Alhamisi, 20 Juni

Eliza hasemi na mimi. Anasema na wote. Anawaamkia wazee, anapiga magoti, anapokea pole. Baba mdogo kamweleza kwamba ilikuwa kwa ajili yake, mtu hapewi habari kama ile peke yake. Kamjibu, ndiyo Baba mdogo, asante Baba mdogo. Hakuna hata chembe ya hasira mdomoni mwake. Baba mdogo karidhika, kaenda kula.

Mimi ninachomwa na macho yale kila anapopita. Jana tuliosha vyombo kwenye beseni moja. Mikono yetu imegusana majini. Kauondoa wake.

Ningependa anitukane. Angenitukana ningejitetea. Ningemwambia nilipigana, Alhamisi, mbele ya wazee wote. Halafu angeniuliza nilipigana mpaka wapi, ningemwambia mpaka nilipochoka. Kwa hiyo labda ni bora akae kimya.

Shangazi anasema yatapita, damu ni damu. Shangazi hakushika ile simu.

Koti liko kitandani kwa Mama, bado lina karatasi. Hakuna anayethubutu kuligusa.

Jumamosi, 22 Juni

Tanga limeanuliwa jana. Turubai limefunguliwa, limeacha mraba wa nyasi za njano uani. Watu wameondoka, kila mmoja na shamba lake. Baba mdogo kaondoka na baiskeli. Mchana umekuwa mrefu.

Alasiri nilikaa kibarazani kuchambua maharage ya kubeba Mbeya. Eliza akatoka ndani, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa ungo. Akaanza kuchambua. Nikaogopa hata kukohoa.

Baada ya muda akasema, "Anza Jumatano."

Nikaanza. Nikamwambia asubuhi ile Mama alikataa uji, akasema hauna chumvi. Alitaka kitenge cha bluu, kile cha kwaya. Kwenye bajaji alimkosoa dereva njia nzima. Hospitali aliuliza leo ni Jumanne au Jumatano, nikamjibu, akasema basi kesho tamthilia ipo. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya maana. Mengine yalikuwa Kihehe, na hayakuwa ya mimi, alikuwa anaongea na mama yake.

Eliza anauliza kidogo kidogo. Nani alimwosha. Mimi na Shangazi. Alivaa nini. Gauni nililomshonea Pasaka. Nywele je. Nilizisuka mistari, hazikukaa vizuri. Gari lilipata pancha kabla ya Makambako na tulikaa na Mama kando ya barabara, malori yanapita, mpaka msamaria mmoja akatuazima spana.

Nikafika Alhamisi. Nikamwambia nilichosema na nilichokubali. Hakuinua uso.

Nikafika Ijumaa. Nikasita. Akasema endelea.

Nikamwambia kuhusu wanawake. Kwamba niliwaomba wanyamaze ili yeye asisikie, na msiba mzima ulinyamaza wakati anacheka. Hilo hakulijua. Akaacha mikono juu ya maharage. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu afike, bila sauti. Sikumgusa. Nilimsubiri mpaka akaanza tena kuchambua.

Nikamwambia Jumamosi. Ukungu ulikuwa mzito, wabebaji hawakuona mbele, jeneza likaenda upande mlangoni. Mwinjilisti alianzisha wimbo juu mno, waimbaji wakashindwa, mjomba akaushusha. Watoto wake waliitwa kuweka udongo. Niliitwa mimi.

Akauliza nani aliweka udongo kwa niaba yake.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Kwamba niliweka mara mbili, na mara ya pili nikataja jina lake. Ungemtosha maisha yote.

Nikamwambia hakuna.

Akaitika kwa kichwa. Akavuta ungo karibu, katikati yetu. Tukachambua mpaka giza likaingia na mawe hayakuonekana tena.